Mukwe Anakuja Kutafuta Lubumbashi

Mama Laurentine hakufoka kwenye simu. Nono angependa afoke, maana mtu anayefoka huchoka, na akichoka husikia. Lakini mama yule wa Kamina alisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua maharage.

"Umwambie kaka yako hivi. Mutoto wangu Deborah alitoka hapa miaka tatu imepita. Mulituambia anaenda Lubumbashi. Sasa amerudia, mutoto eko mugongoni, namuuliza: Lubumbashi iko namna gani? Ananiambia: Mama, siyaiona. Miaka tatu! Aliona Kasungami. Aliona mihogo na vumbi. Mihogo na vumbi hata hapa tuko nabyo. Basi, mi mwenyewe nitakuya. Siku mbili. Munionyeshe ile Lubumbashi yenyewe, na byakula byake. Nikiiona, Deborah na Aaron batarudia kwenu. Nisipoiona, tutajua kama mulitudanganya, na bana betu batabaki kwetu."

"Ndiyo, Mama," Nono alisema.

"Na huyo kaka yako asiniitikie. Najua eko hapo anasikiliza. Mukwe ni mukwe."

Simu ikakatika.

Kweli Liévin alikuwepo, nyuma ya mlango, mkono mdomoni. Asingeweza kujibu hata kama angetaka. Kwao, watu waliotoka kaskazini ya Katanga, mwanaume hamtazami mama wa mke wake usoni. Hali chakula mahali mama huyo anapokula, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Haya hiyo ina namna yake ya kutolewa, ina zawadi yake na siku yake, lakini Liévin alikuwa akisema mwaka ujao, mwaka ujao, na miaka mitatu ikaisha. Kwa hiyo kila neno kati yake na mukwe wake lilipita katika kinywa cha Nono, mdogo wake, aliyekaa naye tangu wazazi wao walipofariki.

"Lubumbashi," Liévin alisema, akaketi chini kwenye saruji ya nyumba yao ya Kasungami, pembeni kabisa ya mji. "Anataka kuona Lubumbashi! Nono, si mi njo mwenye kuijua Lubumbashi?"

Na hapo ndipo palipouma. Liévin alikuwa shofa wa taksi. Hakukuwa na avenyu ambayo hakuijua, wala kona ya kuchomea nyama ambayo hakujua jina la mchomaji wake. Kila Jumapili alipeleka watu Karavia wakale samaki kando ya maji, akawangoja, akawarudisha. Na kila Jumapili Deborah alimwosha Aaron, akavaa kitenge chake kizuri, akakaa kwenye kigoda mlangoni, maana bwana yake alikuwa amesema, "Leo nikipata nafasi nitapitia kuwachukua." Jua likishuka, anakivua, anakikunja, anakirudisha sandukuni. Nono aliyaona hayo Jumapili baada ya Jumapili. Hakusema kitu, akidhani si neno lake. Mwezi wa nane, Jumapili moja, Deborah hakukirudisha kile kitenge sandukuni. Alikitia mfukoni pamoja na nguo za mtoto, akalala, na asubuhi akapanda basi la Kamina.

Tangu siku hiyo Liévin alikonda. Alikuwa akirudi jioni, anapita mbele ya kitanda kidogo cha Aaron bila kukitazama, kama mtu anayepita mbele ya mbwa mkali.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimkalisha Nono mezani na karatasi ya daftari. Nono alifika darasa la sita tu. Aliandika herufi kubwa, moja moja, na kwa hiyo kila alichoandika kilikaa sawa.

"Andika: Jumamosi. Basi inafika asubuhi. Andika Place de la Poste. Andika cathédrale. Andika zoo."

"Yaya, polepole," Nono alimwambia kaka yake.

"Zoo, na simba."

"Simba haiko ndani ya zoo? Niiandike mbali?"

"Andika simba! Kamina hakuna simba."

Paulin, rafiki yake, shofa kama yeye, alikuwa ameegemea dirishani akinywa chai. "Ile simba inalala saa yote," alisema. "Itamupatia mama mugongo, sawa vile weye utamupatia."

Nono akacheka. Liévin hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu tangu juzi.

"Paulin, usinichekee. Mutuka yako iko?"

"Iko. Nitaisafisha mpaka kuku ijione ndani. Mi sina haya naye, nitamwendesha sawa bibi ya ministre."

Ndivyo walivyopanga. Paulin ataendesha, Nono atatembea na mama, na Liévin atakaa mbali na kuuliza kwa simu. Usiku mama atalala Kasungami kwenye kitanda cha Deborah, na Liévin atalala kwa Paulin, maana wakwe wawili hawalali chini ya bati moja.

"Saa ya kula, Karavia, samaki ya kuchoma," Liévin aliendelea, akizunguka meza. "Nyuma ya pale, ile mulima nyeusi ya mabaki ya shaba, na cheminée yake murefu ya moshi. Halafu Kamalondo, michopo. Mbuzi ya moto, kitunguu, pilipili. Jumapili, misa. Nyuma ya misa, musée. Andika crème glacée, ile ya baridi. Andika kikanda, ile ya mizizi na karanga, ya mama wa pale sokoni."

"Kikanda hata Kamina iko, yaya."

"Haiko sawa na ile! Andika!"

Alipanga kama mtu anayetoa vitu ndani ya nyumba inayoungua: anashika sufuria, anaiacha, anashika godoro. Alifuta musée, akairudisha. Aliongeza maji ya Kipopo, Paulin akamwambia ni mbali, akayafuta, akaketi, akafunika uso kwa viganja.

"Na kama haitamupendeza?" aliuliza ndani ya viganja.

"Itamupendeza," Nono alisema, na aliamini.

Jumamosi alfajiri Paulin alimpigia Liévin simu. Nono alijua kabla ya kusikia, kwa namna Liévin alivyosimama wima halafu akainama.

"Patron ya Paulin amechukua mutuka," Liévin alisema. "Kuko kilio kwao, banaenda kuzika, na Paulin njo anabaendesha."

Aliwapigia mashofa wote aliowajua. Jumamosi ni siku ya ndoa. Kila mutuka yenye rangi nzuri ilikuwa imefungwa maua. Mmoja akacheka, mmoja hakuitika, mmoja akasema labda saa kumi. Basi lilikuwa limeshapita Likasi. Liévin akaweka paji la uso juu ya mutuka yake mwenyewe, ile aliyokuwa anaendesha kila siku.

"Imekwisha, Nono. Njo mwisho. Aaron atakomalia kule, atanisahau uso."

Nono alingoja kidogo. Alikuwa na tabia hiyo ya kungoja. Alipokuwa mtoto walimwita mzee. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitenge kipana na vibanio vya nguo.

"Utaendesha weye," alisema. "Mi nitakaa mbele na weye. Mama nyuma. Katikati, hii."

"Ni mwiko!"

"Mwiko ni kuonana. Hamutaonana."

Walikibana kitenge juu, kutoka mlango hadi mlango. Liévin akageuza kioo cha ndani kikatazama bati, asije akakutana na macho ya mukwe wake humo. Akavaa kofia, akaishusha mpaka masikioni.

Mama Laurentine alishuka wa mwisho, mwembamba, amenyooka kama mchi, kikapu kichwani bila kushikwa. Nono akapiga goti, akampokea. Mama akaitazama mutuka, akakitazama kitenge, akaona kofia ya mtu aliyeganda akiangalia mbele.

"Huyu shofa ni nani?"

"Ni shofa tu, Mama."

"Hana jina?"

"Hana, Mama."

"Muzuri. Shofa mwenye hana jina haongei mingi." Akaingia nyuma, akapanga kitenge chake magotini.

Ulikuwa mwezi wa kumi, miti ya mjini imejaa maua ya zambarau, na mengine yamelala barabarani. Mama akateremsha kioo cha dirisha.

"Umwambie shofa aende polepole. Naangalia."

"Ya—" Nono akajishika. "Shofa, Mama anasema polepole."

"Umwambie Mama, ndiyo."

"Shofa anasema ndiyo, Mama."

"Nimesikia. Siko kiziwi."

Nyuma yao mutuka zilipiga honi, maana Liévin bila kioo chake alikuwa anaendesha kama mtu anayevuka mto bila kujua kina. Lakini walifika. Place de la Poste, mama alisimama katikati ya watu, akageuka taratibu mara mbili, mikono kiunoni. Kwenye cathédrale alipiga magoti muda mrefu, halafu akagusa matofali kama mtu anayegusa shavu la mgonjwa. Na kwenye zoo, simba alikuwa macho! Alisimama, akapiga miayo, na mama akarudi nyuma hatua tatu, akashika mkono wa Nono, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Yo! Mutu anaona kinywa hii halafu analala?"

Nono alipokwenda kumletea maji, Liévin alikuwa amejikunja nyuma ya usukani. "Alicheka?"

"Alicheka."

"Mara ngapi?"

"Yaya, mi sikuhesabu."

"Alicheka!" Liévin akaupiga usukani. Tangu mwezi wa nane Nono hakuwa ameyaona meno yake.

Kila walipoacha mahali, mama alitoa kamba nyembamba ndani ya kikapu, akaifunga fundo. "Mi sikusoma," alimwambia Nono. "Nikifunga, sisahau." Nono akafurahi moyoni. Alidhani ni zawadi anayomfungia Deborah.

Karavia walikaa chini ya kivuli, karibu na maji. Liévin aliacha mutuka mbali, akaenda nyuma ya ukuta asionekane, na tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni. Samaki akaja mzima, ameiva vizuri, na ndizi na pilipili na bukari nyeupe. Mama alinawa, akakata tonge, akala. Alikula kwa heshima mwanzoni. Halafu akala kwa furaha. Alifyonza mfupa wa kichwa, akafunga macho.

"Mwanangu Nono. Hii samaki ni muzuri."

"Aksanti, Mama."

"Kutoka hapa mupaka kwenu Kasungami, ni mbali?"

"Na mutuka haiko mbali sana, Mama."

"Ah." Akachukua tonge lingine, akalishika mkononi. "Na hii mutuka, shofa eko nayo kila siku?"

"Kila siku."

"Na Jumapili?"

"Na Jumapili, Mama."

Lile tonge halikufika mdomoni. Mama akalirudisha kwenye sahani, akatazama maji. Kulikuwa na baba mmoja pembeni, amemweka mtoto wake mdogo mabegani, anamwonyesha mtumbwi.

"Deborah alishakula hii samaki?"

Nono akatazama pilipili.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Hapana, Mama."

"Sawa." Akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Akatoa kamba, akafunga fundo la nne, akalivuta kwa meno. "Twende. Munionyeshe ingine."

Hapo Nono akaelewa. Yale mafundo hayakuwa zawadi. Wao walikuwa wanamwonyesha mama Lubumbashi ili aseme, kumbe ipo. Na ipo! Ipo, ni nzuri, iko karibu, na shofa ana mutuka. Basi kwa nini Deborah alikaa miaka mitatu kwenye kigoda? Kama mji ungekuwa mbaya, au mbali, au unafungwa Jumapili, Liévin angekuwa na la kusema. Kila walipomwonyesha mama kitu kizuri, walikuwa wanampa shahidi mwingine.

Kwenye ule mlima mweusi mama alishuka peke yake, akasimama akiangalia moshi ulioganda miaka na miaka kwenye mawe yale. Nono akainama dirishani kwa kaka yake.

"Yaya, tusimamishe hapa. Turudie nyumbani."

"Una wazimu? Imebaki michopo!"

"Kila fasi tunamupeleka, tunajifunga. Anapendezwa, yaya. Njo mubaya yake. Anauliza kama Deborah aliona. Mi nasema hapana. Mara moja, mara mbili. Ile kamba ni ya hapana."

Liévin akavua kofia, akaivaa tena. Kwa kitambo kidogo Nono alidhani ameelewa, na labda alielewa.

"Akiona byote atasahau," alisema mwishowe. "Akikula michopo atasahau. Nono, usiniharibie. Nakuomba. Sina kintu ingine."

Ni hilo lililomshinda Nono: hakusema kwa hasira, alisema kama anayeomba maji. Wakaenda Kamalondo. Moshi wa nyama ulikuwa umefunika barabara nzima, muziki unatoka pande tatu, na mchomaji alikata mbuzi juu ya karatasi akimwita mama "mukubwa wangu". Mama alikula vipande vitatu. Machozi yakamtoka. Mchomaji akacheka, akasema ni pilipili hiyo. Mama akatoa kamba. Fundo la sita lilikuwa kubwa kuliko mengine.

Jumapili asubuhi Nono aliamka, akakuta mama ameshaamka kabla yake, ameketi kwenye kile kigoda mlangoni, amevaa tayari, kamba magotini. Hakuna aliyemwambia akae pale. Nje, Liévin alikuwa amefika kutoka kwa Paulin. Mutuka ilikuwa imeoshwa, kitenge kimebanwa upya, kofia iko mahali pake, na macho yake yameelekezwa barabarani.

Nono akaishika ile karatasi. Misa, musée, crème glacée, kikanda. Mafundo manne mengine. Akaona namna mama atakavyorudi Kamina na ile kamba, ataiweka mezani mbele ya wajomba, wataisoma kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna atakayehitaji kuuliza swali. Hakuwahi kumkatalia mtu mzima.

"Mama," alisema. "Leo hatuendi."

"Nini?"

"Hatuendi. Yenye imebaki ni ya Deborah. Haifai weye uione mbele yake. Jana tulikosea. Tulikuonyesha byote, na yeye hakuona hata kimoja. Leo sikuonyeshi tena."

Mama Laurentine alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Unanifukuza, mutoto?"

"Hapana, Mama. Nitakaa na weye hapa. Nitapika bukari na sombe. Lakini mu ville hatuendi."

Mlango wa mutuka ukafunguka kwa kishindo. Liévin alikuwa amesikia. Alikuja mbio, kofia ikaanguka, na alikuwa analia waziwazi kama mtoto wa shule.

"Nono! Unaniua! Unaniua na mikono yako! Mi nilikukomalisha, nilikulisha, leo unaniua!"

Halafu akasimama. Alikuwa hatua moja kutoka kigodani. Mama mukwe alikuwa ameinua uso, na yeye ameinamisha wake, na wakaonana, macho kwa macho, kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Mama akavuta kitenge, akafunika kichwa chote. Liévin akageuka, akaanguka magotini na mgongo wake kwa mukwe wake, mikono kichwani. Jirani aliyekuwa anatwanga aliacha kutwanga.

"Amuondoe," sauti ilisema ndani ya kitenge. "Mutu amuondoe huyu mutu."

Nono alimwinua kaka yake kwa kwapa, akampeleka hadi mutuka. Liévin hakumtazama. Alisema neno moja tu kabla ya kuondoka: "Ukitoka kwangu leo, mi sitakuuliza unaenda wapi."

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote ambazo Nono amewahi kuishi. Mama hakutoka ndani. Nono alipika, mama akala kidogo, akanawa. Mchana alikwenda kwenye kitanda kidogo cha Aaron, akapiga shuka vumbi, akatandika upya, akarudi kuketi. Nono alitaka kuomba msamaha, lakini hakuona wa kuombwa ni nani, wala kosa lipi lianze. Saa tisa Paulin akaja na mutuka yake iliyotoka mazikoni, bado na jani moja limekwama mlangoni, akawapeleka kwenye basi.

"Mama," Nono alisema pale, akipiga goti. "Tutasema nini kwa yaya?"

"Mi nilikuya kuona, nimeona." Mama aliweka kikapu kichwani. "Kinywa ya kusema ni ya Deborah." Na akapanda.

Jumatatu ikapita. Jumanne. Liévin alirudi nyumbani lakini hakusema na Nono. Akitaka chumvi aliifuata mwenyewe. Jumatano alirudi mchana, akaketi ndani ya mutuka nje, hakushuka. Nono alimtazama kwa dirisha. Alifunga nguo zake katika mfuko, akauweka chini ya kitanda, angoje afukuzwe au angoje simu. Hakuwa na mahali pa kwenda.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Deborah.

"Mulamu wangu," Deborah alisema, kama alivyomwita tangu aolewe na kaka yake, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mama amenipatia kamba. Ameniambia moja moja. Simba, samaki, byote. Nililia mupaka nikachoka. Halafu ameniambia kuko siku ya pili yenye hakuona. Amesema mutoto mumoja mwenye kichwa nguvu alimukatalia."

"Ni miye."

"Najua ni weye. Mama amesema ule mutoto, asipokuwa yeye, hatungesema tena na hii nyumba." Akavuta pumzi. "Nitakuya, Nono. Siku mbili. Sikuyi kama bibi, nakuya kama mugeni. Aaron atabaki hapa na Mama, nkambo yake. Nitalala kwa Mado, dada yangu, sitalala kwenu. Nikimaliza kuona, nitapanda basi. Nyuma ya pale njo nitajua."

"Utajua nini?"

"Kama ni mutu mwenye anaweza kunitembeza, ao kama ni mutu mwenye anaogopa mama tu."

Nono alipomweleza, Liévin hakufurahi kama Nono alivyotarajia. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika fremu ya mlango. "Aaron hatakuya," alisema. "Hapana," Nono akasema. "Na hatalala hapa." "Hapana." Akaingia, akakaa mezani, akavuta daftari, akalisukuma kwa Nono.

"Andika. Jumamosi."

"Andika mwenyewe, yaya."

Akachukua kalamu. Akaandika Jumamosi. Kalamu ikabaki hapo, ikatia doa. Dakika zikapita. Alijua mutuka zote na barabara zote, alijua abiria gani anapenda nini.

"Deborah anapenda kula nini?" aliuliza, bila kuinua kichwa. "Akienda mu ville anapenda kuona nini? Bantu ao maji? Anaogopa simba?"

Nono alijua mengine ya hayo. Miaka mitatu walikuwa wamemenya mihogo pamoja. Lakini alisukuma simu juu ya meza mpaka ikagusa mkono wa kaka yake.

"Umuulize."

"Mi?" Liévin akaitazama simu kama inauma. "Umuulize weye, halafu uniambie."

"Yaya. Kwa mukwe kuko haya, sawa. Kwa bibi yako kuko haya gani?"

Uso wa Liévin ulikuwa mweupe kama bukari. Aliinua simu, akaiweka chini, akaifuta kwenye suruali ingawa haikuwa chafu. Halafu akabonyeza. Nono akasikia inalia kule Kamina mara moja, mara mbili, mara nne, na kila mara mabega ya Liévin yalishuka kidogo.

"Allô?"

"Ni miye," Liévin alisema. "Usikate. Sina... nataka kukuuliza kintu."

Kule Kamina mlango ulifungwa.

"Uliza," Deborah alisema.

Nono akachukua ndoo mbili, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Kwenye bomba la maji foleni ilikuwa imefika barabarani, wamama wanasukumana na kutukanana. Akaenda akasimama nyuma ya wote. Mmoja akamwambia apite mbele, ndoo zake ni ndogo. Akakataa, hakuwa na haraka ya kurudi.